Mtoto Naye Atangaziwe

Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 19, 2025, sisi wa upande wa Sengerema tulishangilia. Kilomita 3 juu ya maji, kutoka Busisi hadi Kigongo, dakika chache umevuka. Zamani basi lilifika ufukweni, abiria tukashuka, tukasubiri kivuko, na siku yenye foleni ndefu ratiba yote iliharibika.

Mama mmoja wa parokia ninakofanyia utume wakati wa likizo aliniambia kwamba siku yao ya kwanza kupita darajani, mwanawe mwenye usonji alilia hadi Usagara. Kwa mtoto huyo safari ya Mwanza ilikuwa na mpangilio wake: kushuka, kuingia kivukoni, kuangalia maji, kurudi kwenye basi. Siku hiyo basi halikusimama. Abiria mmoja akasema mtoto amedekezwa. Mwingine akataja pepo.

Usonji si pepo, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Daktari Leo Kanner alipoandika habari za watoto 11 mwaka 1943, tayari aliona jinsi walivyotaka sana mambo yabaki vilevile. Utaratibu aliouzoea ndio unaomwambia mtoto kitu gani kinafuata. Ukiuvunja ghafla anaingiwa na hofu, nasi tunaiita ukaidi.

Safari iliyofuata, mama alianza kumwandaa siku tatu kabla. Alimwonyesha picha ya daraja kwenye simu na kila jioni akamwambia maneno yaleyale: "Jumamosi tunapita darajani. Hatushuki." Mtoto alilia kidogo tu, kisha akaangalia maji kupitia dirishani. Haifanikiwi kila mara, mama mwenyewe anakiri.

Sasa tuje kanisani. Sisi ni watu wa matangazo. Hata ndoa tunaitangaza mara tatu, ili jumuiya nzima ijue watu wawili wanabadili maisha yao. Lakini mtoto mwenye usonji anafika Jumapili na kukuta benchi lake limewekewa wageni wa kipaimara, spika zimeongezwa, na misa imesogezwa kwa saa nzima. Akipiga kelele, mzee wa kanisa anamwonyesha mama mlango. Nadhani hapo anayepaswa kujisahihisha ni sisi, si mama.

Tazama Mkesha wa Pasaka. Taa zinazimwa, moto unawashwa nje, watu wanaingia gizani na mishumaa, halafu kwenye Utukufu kengele zilizonyamaza tangu Alhamisi Kuu zinalia kwa pamoja, na vigelegele juu. Kwetu ni furaha. Kwa mtoto huyu, kanisa alilolizoea limetoweka. Kuna wanaosema abaki nyumbani, apate amani. Sikubaliani nao. Papa Fransisko, Novemba 22, 2014, alipokutana Vatikani na watu wenye usonji na familia zao, alihimiza upweke na unyanyapaa unaowaelemea uvunjwe. Na hata huko nyumbani huwezi kumzuilia mtoto kila badiliko: mvua itanyesha, mwalimu atahama, bibi atafariki. Ni afadhali ajifunze kwa mabadiliko madogo, akiwa na watu anaowaamini.

Jumamosi Kuu mchana kanisa huwa kimya. Katekista anaweza kumpitisha mtoto na mama yake: hapa moto utawashwa, hapa tutasimama gizani, kengele hii italia. Apewe kengele aiguse. Benchi lake liachwe palepale, kwa sababu kitu kimoja kisichobadilika humsaidia kuvumilia vingine vinavyobadilika. Aruhusiwe kutoka nje na kurudi bila macho ya watu kumfuata. Haya yote hayahitaji bajeti ya parokia, ingawa kamati zetu hupenda kuanza na bajeti.

Mafrateri wenzangu, tukifika parokiani likizo ijayo, tumwulize katekista ni watoto gani ambao wazazi wao wameacha kuwaleta misani. Kisha twende nyumbani kwao kabla ya Jumapili, tukawaambie misa itaanza saa ngapi na nani ataiadhimisha.