Usichomoe Waya wa Oili

Kuna kauli utakayoisikia popote penye boti za dizeli, iwe Lamu, Tanga au Mtwara. King'ora cha oili kikilia, mtu atasema: "Ni sensa tu hiyo." Kwa kawaida husemwa na fundi mzoefu, kwa sauti ya kumtuliza nahodha. Waya mmoja unachomolewa kwenye swichi iliyo ubavuni mwa injini, kelele zinakoma, safari inaendelea. Naipinga kauli hiyo, na naipinga nikijua kwamba mara nyingi huwa kweli.

Huwa kweli kwa sababu swichi ya presha ya oili ni kifaa kidogo kinachoishi mahali pabaya. Chumvi inakula ncha zake, joto linaikausha, mtetemo unalegeza waya. Mafundi wamebadilisha swichi nyingi na injini zikaendelea kudunda bila shida, na uzoefu huo siubezi hata kidogo. Lakini tazama upande wa pili. Swichi ikidanganya nawe ukaiamini, umepoteza muda wa kuzima injini na kukagua. Swichi ikisema kweli nawe ukaikana, injini inanoki na krankishafti inaharibika, tena ukiwa mbali na nchi kavu. Hasara hizo mbili hazilingani hata kwa mbali, kwa hiyo neno "mara nyingi" haliwezi kuwa hukumu.

Kinachonisikitisha zaidi ni kile kipimo cha kuchomoa waya, ambacho wengi hukiona kuwa ushahidi. Swichi ya aina iliyozoeleka, yenye ncha moja, hufanya kazi hivi: injini ikiwa imezimwa imejifunga, na umeme wa taa na king'ora unapita ndani yake kwenda kwenye chuma cha injini. Presha ikipanda, swichi inafunguka, taa inazimika. Sasa ukichomoa waya umeikata njia hiyo ya umeme, basi. King'ora kitanyamaza kama swichi ni mbovu, na kitanyamaza vilevile kama ndani ya injini hakuna presha kabisa. Jambo moja tu unaweza kulijua kwa njia hiyo: kikiendelea kulia baada ya waya kuchomolewa, basi waya wenyewe umechubuka na kugusa chuma mahali fulani. Kuhusu oili hujajua lolote.

Kinachojibu swali ni geji ya mkono. Unafungua swichi, unafunga geji kwenye tundu lilelile, unawasha injini kwa muda mfupi na kusoma. Dizeli nyingi ndogo za boti huonyesha takriban bar 3 hadi 4 kwenye mwendo wa safari, na bar 1 au zaidi kidogo zikiwa za moto na zinazunguka taratibu bila mzigo; kitabu cha injini yako ndicho kitakachotoa namba kamili. Geji ikisoma vizuri katika hali zote mbili, hapo swichi imepatikana na hatia, nami nitakuwa wa kwanza kusema ibadilishwe.

Kabla ya geji, hata hivyo, kuna kijiti cha kupimia oili, na hapa ndipo boti inapotofautiana na gari. Boti inalala ubavu, inapanda wimbi na kushuka. Oili iliyopungua kidogo inaweza kuonekana ya kutosha gatini, kisha huko nje ikakimbilia upande mmoja wa sampu na kuiacha pampu ikivuta hewa. King'ora kinalia wimbi likija na kunyamaza likipita, na mtu anaapa kwamba swichi ina wazimu. Tarehe 23 Machi 2019 meli ya abiria Viking Sky ilikuwa ikivuka Hustadvika, sehemu yenye miamba mingi kwenye pwani ya Norwei, ndani ya dhoruba, ikiwa na watu 1,373. Injini zake zilizimika na upepo ukaanza kuisukuma kuelekea miambani. Watu 479 waliondolewa kwa helikopta. Uchunguzi ulionyesha kwamba oili kwenye matangi ya injini ilikuwa chini ya kiwango alichopendekeza mtengenezaji; bahari ilipoirusha meli, pampu zikakosa oili, presha ikaanguka, na mitambo ya ulinzi ikazima injini. Vifaa vya kuonya vilikuwa vinasema kweli.

Kijiti kinasema mengi kuliko juu na chini. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na kwenye boti nyingi njia mojawapo ni kipoza oili kilichotoboka. Oili iliyoongezeka bila mtu kuiongeza inatisha zaidi ya iliyopungua: huenda ni dizeli inayovuja kutoka kwenye pampu ya mafuta au noseli, nayo inaifanya oili kuwa nyepesi mno kubeba beringi. Inuse, itanuka dizeli. Kama kijiti kimekauka, tazama ngamani. Nimeona oili yote ya injini ikielea juu ya maji ya ngama kwa sababu mpira wa filta ya zamani ulibaki umeganda, filta mpya ikafungwa juu yake, na mipira hiyo miwili ikashindwa kushikilia presha.

Wapo watakaoniambia kwamba baharini huwezi kuzima injini kama dereva anavyoegesha gari kando ya barabara. Hoja hii naiheshimu. Kwenye mkondo wa Pemba kina ni mamia ya mita, nanga haifiki chini, na mkondo una nguvu. Ila huko penye kina kirefu ndiko kwenye nafasi ya kuzima, kwa kuwa mwamba uko mbali na dakika za kukagua unazo. Mwenye tanga alitweke. Shida ya kweli ipo pale mawimbi yanapovunjika juu ya mwamba ulio karibu na chombo kina watu. Hapo nahodha ana haki ya kuitoa injini sadaka ili watu wapone, nami singemlaumu. Lakini ajue kwamba anaitoa sadaka, na apange jinsi ya kufika kabla haijanoki. Aliyeambiwa ni sensa tu hapangi chochote.

Limebaki lile la oili nzito. Presha imeshuka, fundi anamwaga oili nzito zaidi, namba inapanda, kila mtu anaridhika. Pampu ya oili haitengenezi presha peke yake. Inasukuma oili, na presha inatokana na ubishi wa nafasi finyu zilizomo kwenye beringi. Beringi zikilika, nafasi zinapanuka, ubishi unapungua. Oili nzito inarudisha ubishi kwa sababu inapita kwa shida, huku beringi zikiwa zimelika vilevile, na asubuhi injini ikiwa ya baridi oili hiyo inachelewa kufika juu. Geji imepanda na ugonjwa uko palepale. Afadhali kukata filta ya zamani na kuikunjua karatasi yake: chembe zinazong'aa ndani yake zitakwambia kama ni wakati wa kufungua sampu.

Na kama baada ya yote hayo swichi ndiyo yenye kosa, nunua inayofunguka kwa presha iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini yako. Ya gari inaweza kuingia kwenye tundu lilelile bila taabu na bado ikawa imepangwa kwa presha nyingine. Ukishaifunga, washa swichi kuu bila kuwasha injini. Taa iwake na king'ora kilie.