Maskati na Siri ya Suluhu



Baada ya darsa ya akina mama juma lililopita, dada mmoja alinisubiri mlangoni akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu pale pale. Alisema: "Sheikh, twasikia Omani inakaa na Wamarekani na inakaa na Wairani. Inazungumza na Saudia na inazungumza na Mahuthi wa Yemeni. Sisi nyumbani mtu wa namna hiyo twamwita ndumilakuwili. Mbona wao wanasifiwa?"

Nilimwambia anipe muda. Swali lake si la siasa peke yake, kwani ndani ya jamaa zetu tunao watu wanaoingia nyumba zote mbili za wagombanao. Baadhi yao ni baraka na baadhi yao ni moto. Tutawatambua vipi?

Tuanze na Omani yenyewe. Ni nchi ya watu wapatao milioni tano, na sehemu kubwa ya hao ni wageni waliokwenda kufanya kazi. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Hormuz, iko Irani. Upande wa magharibi iko Saudia, na kusini-magharibi iko Yemeni. Mwenye nyumba kati ya majirani wakubwa kama hao hawezi kusema kwamba ugomvi wao haumhusu, kwa sababu paa la jirani likiwaka cheche humwangukia yeye. Basi tusidhani kwamba Waomani wanasuluhisha kwa wema mtupu. Maslahi yao yamo, nao hawayafichi. Lakini maslahi hayabatilishi wema, maadamu mtu hajinufaishi kwa kuuchochea ugomvi wenyewe.

Siasa hii ilijengeka zaidi katika zama za marehemu Sultani Qaboos, aliyeshika utawala Julai 1970 na kufariki Januari 2020. Alipoingia alikuta vita katika jimbo lake la Dhofar, vita vya ndugu kwa ndugu vilivyoendelea hadi katikati ya miaka ya sabini. Alipigana, lakini pia aliwasamehe waasi waliorudi na kuwapa kazi. Mmoja wao, Yusuf bin Alawi, ambaye katika ujana wake alikuwa upande wa waasi wa Dhofar, ndiye aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje kuanzia 1997 hadi 2020. Mtu aliyewahi kuwa adui alikabidhiwa mlango wa kuzungumza na maadui wa wengine. Nimelifikiri sana jambo hilo. Aliyesuluhishwa yeye mwenyewe huenda anajua kuliko wengine maneno gani humrudisha mtu na maneno gani humfukuza.

Mwaka 1979 Misri ilipotia saini mkataba na Israeli, takriban nchi zote za Kiarabu zilikata uhusiano nayo. Omani haikukata. Irani na Iraki zilipopigana kutoka 1980 hadi 1988, Omani ilibaki na balozi za pande zote mbili. Mwaka 2015 Saudia na majirani wa Ghuba walipoingia vitani Yemeni, Omani ndiyo pekee katika nchi sita za Baraza la Ushirikiano la Ghuba iliyokaa nje. Na mwaka 2017 Katari ilipofungiwa njia na jirani zake, bandari za Omani za Sohar na Salalah zilipokea mizigo iliyokuwa ikielekea huko. Kila mara walilaumiwa. Waliambiwa hawana msimamo, nao msimamo wao ulikuwa ni huo wa kutofunga mlango.

Mlango huo una faida gani? Tazameni safari moja ya ndege. Oktoba 2016, mjini Sanaa, ukumbi uliojaa watu waliokuwa katika matanga ulipigwa mabomu, na watu zaidi ya mia moja wakafa. Majeruhi walikuwa wengi na hospitali zimekwisha dawa. Siku chache baadaye ndege ya Omani ilitua Sanaa. Iliwarudisha wajumbe wa Kihuthi waliokuwa wamekwama Maskati, ikawachukua majeruhi zaidi ya mia moja kwenda kutibiwa, na pamoja nao wakatoka Wamarekani wawili waliokuwa wakishikiliwa huko. Ndege moja ilibeba suluhu na ikabeba msaada. Nani mwingine angepewa ruhusa ya kutua? Aliyekuwa akipiga mabomu asingeaminiwa na walio chini, na aliyekuwa rafiki wa walio chini asingeachwa apite angani. Aliyeaminiwa na wote alipita.

Mwaka 2017 padri mmoja kutoka India, aliyekuwa ametekwa Aden mwaka mmoja kabla, aliachiliwa kwa juhudi za Omani. Sikusikia Waomani wakiuliza dini yake kabla ya kumtafuta. Sisi wa Pwani tunaoishi ukuta kwa ukuta na jirani wasio wa dini yetu tulizingatie hilo.

Kubwa zaidi ni siri. Mwaka 2012 na 2013, maafisa wa Marekani na wa Irani walikutana Maskati bila ulimwengu kujua. Nchi hizo zilikuwa hazina uhusiano wa kibalozi tangu 1980. Habari za vikao hivyo zilienea Novemba 2013, makubaliano ya awali yalipokwisha kufikiwa Geneva, na mkataba kamili ukafuata Julai 2015. Wenyeji walikuwa wamekaa na habari hiyo kifuani muda wote, wala hawakuitisha waandishi ili wapigwe picha wakisifiwa.

Hapa ndipo nilipopata jibu la yule dada. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, ametuonya vikali juu ya mwenye nyuso mbili. Na yeye huyo huyo ametufunza kwamba anayewapatanisha watu kwa kupeleka maneno ya kheri hahesabiwi kuwa mwongo. Basi wote wawili wanaingia nyumba mbili, lakini tazama wanachobeba. Ndumilakuwili hubeba neno baya na kuliacha zuri, kisha hutoka barazani kutangaza alichokiona. Msuluhishi hubeba neno zuri na kulizika baya, kisha hunyamaza. Na katika Suratun Nisaa, Aya ya 114, Mola wetu anatufahamisha kwamba mazungumzo mengi ya faraghani hayana kheri, ila ya mwenye kuhimiza sadaka, au wema, au kupatanisha baina ya watu. Zingatieni kwamba sadaka na suluhu zimetajwa pamoja, na zimetajwa katika habari ya faragha.

Sitaki msomaji adhani nawapamba Waomani. Sisi twawajua tangu walipowatoa Wareno Fort Jesus mwaka 1698. Seyyid Said alipoichukua Mombasa mwaka 1837, viongozi wa Kimazrui walikamatwa na kupelekwa uhamishoni, na haikuwa suluhu ile. Biashara ya watumwa ya karne hiyo nayo ni doa ambalo wajukuu wa pande zote wanalibeba hadi leo. Hata katika zama zetu yapo yaliyotuuma. Oktoba 2018, siku chache tu baada ya Rais Mahmoud Abbas wa Palestina kupokewa Maskati, alipokewa pia Netanyahu. Nakiri kwamba siku ile nilikasirika, na nilisema maneno mazito juu ya mimbari. Mpaka leo sina hakika kama ziara ile iliwanufaisha Wapalestina hata kwa mkate mmoja. Lakini nimejifunza kutenganisha mambo mawili: kumfungulia mtu mlango si kumkubalia alitendalo. Tabibu huingia chumba cha mgonjwa bila kuupenda ugonjwa.

Wala mlango ulio wazi hauhakikishi amani. Aprili 2025 Omani iliwakutanisha tena Wamarekani na Wairani, waziri wake wa mambo ya nje, Badr Albusaidi, akipeleka ujumbe kutoka chumba hiki hadi kile. Mwezi uliofuata ilitangaza kwamba Marekani na Mahuthi wamekubaliana kusitisha mashambulizi. Kisha kikao cha sita cha Wamarekani na Wairani kikapangwa Maskati tarehe 15 Juni. Tarehe 13 Juni Israeli iliishambulia Irani, na kikao hakikufanyika. Kazi ya miezi miwili ilivunjwa kwa usiku mmoja, na aliyeivunja hakuwa hata mmoja wa waliokuwa wakizungumza. Msuluhishi hana jeshi la kumlazimisha mtu. Ana uaminifu wake tu, na uaminifu huo hujengwa kwa miaka na kuvunjwa kwa neno moja.

Hilo la neno moja nalijua kwa nafsi yangu, na leo nalisema ili liwe funzo.

Miaka mingi iliyopita niliombwa kusuluhisha ndugu wawili, baba mmoja, waliogombania nyumba ya urithi. Mkubwa alikuwa akiishi humo na wanawe. Mdogo alitaka iuzwe, kila mmoja achukue haki yake, na kwa hukumu ya sharia hakuwa na kosa. Nilikwenda na kurudi kwa miezi mitatu. Mwishowe yule mdogo alikubali kwamba nyumba isiuzwe, na nduguye amlipe fungu lake kidogo kidogo kwa miaka. Alinipa sharti moja: jamaa wasijue kwamba yeye ndiye aliyelegea, kwani alikwisha kula kiapo mbele yao. Tuandikiane tu, na isemwe kwamba wote wawili wamekubaliana.

Jioni ya siku ile, baada ya Isha, nilikaa barazani. Nilikuwa na furaha, na nadhani nilikuwa na kiburi pia. Mzee mmoja aliniuliza mambo ya wale ndugu yamefika wapi. Nikajibu: "Alhamdulillahi, mdogo amelainika." Maneno mawili tu. Asubuhi yake yule mdogo alikuja kwangu, hakuketi, wala hakupokea kahawa. Aliniambia: "Sheikh, mimi sikukataa kumsaidia kaka yangu. Ninachokataa ni kuisikia siri yangu kwa muuza kahawa." Wakaenda mahakamani, nyumba ikauzwa, na ndugu wale hawakusemezana tena mpaka mkubwa akafariki. Mdogo alikuja kusimama mazikoni nyuma ya safu, kama mgeni.

Aliyebaki nilimwendea juzi nikamwomba idhini ya kuandika kisa hiki, nami nimebadilisha mambo kadhaa ili wenyewe wasijulikane. Aliniruhusu. Alisema: "Andika, labda itamfaa mwingine." Alipokwisha kusema hivyo alizungumzia mvua.

Basi, ndugu zangu, tukiitwa kusuluhisha nyumbani, baina ya mke na mume, baina ya ndugu, baina ya majirani wa ukuta mmoja, tuchukue mambo haya.

Kwanza, tusifunge mlango kabla ya kuitwa. Anayewanunia nusu ya jamaa zake kwa sababu ya ugomvi usiokuwa wake, siku akihitajika hatakuwa na pa kuingilia.

Pili, mkono utangulie ulimi. Wagonjwa wa Sanaa walitibiwa Maskati bila kuulizwa wao ni wa upande gani. Nasi tukipeleka chakula kwenye matanga ya tuliyekosana naye, au tukimlipia mwanawe ada ya madrasa, tusiifanye sadaka hiyo kuwa deni la kumdai akubali hoja zetu.

Tatu, tusiseme nani alianza kulegea. Heshima ya aliyelegea ndiyo nguzo ya suluhu yote. Ukiing'oa ili wewe uonekane hodari, paa litawaangukia wote.

Nne, tusivunjike moyo kazi ikiharibiwa na mtu wa nje. Aliyesuluhisha kwa ikhlasi ana ujira wake kwa Mola, hata kama kikao cha sita hakikufanyika.

Kwa yule dada: mtazame huyo mtu wenu anayeingia nyumba zote mbili. Akitoka, sikiliza anasema nini barazani. Ukikuta hasemi kitu, mwombee dua, na usimwite ndumilakuwili.

Ewe Mola wetu, zipatanishe nyoyo zetu, zihifadhi ndimi zetu, na utusamehe kwa maneno tuliyoyasema ambayo hatuwezi tena kuyarudisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.