Sahihi iliyoibakisha Taveta Kenya

Wako watu wanaokusanya stempu, wako wanaokusanya sarafu za kale, na wako wachache ambao furaha yao ni karatasi iliyotiwa sahihi na mkubwa wa siasa: barua ya rais, mkataba wa mkoloni, kadi ya chama cha zamani. Huenda ukawacheka na kuuliza karatasi iliyofifia yafaa nini, ilhali haiwezi hata kufungia mandazi. Kabla hujacheka, hebu tusafiri hadi Taita Taveta.

Ukiondoka Voi ukaipita Mwatate, Bura na Maktau, utafika Taveta baada ya kilomita zaidi ya 100. Mlima Kilimanjaro utauona mbele yako, mkubwa, kama kwamba wauguse. Lakini mlima uko Tanzania nawe ungali Kenya. Kwa nini mpaka upite hapo?

Wengi wetu tuliambiwa shuleni kuwa Malkia Victoria alimzawadia Kaiser Wilhelm, mjukuu wake, mlima huo. Hadithi hiyo ni tamu, lakini haina ukweli. Mpaka ulikubaliwa mwaka 1886, naye Wilhelm hakuwa Kaiser hadi mwaka 1888. Mpaka haukuchorwa kwa zawadi. Ulichorwa kwa karatasi.

Mnamo 1884 kijana Mwingereza wa miaka 26, Harry Johnston, alifika Kilimanjaro kuchunguza mimea na wanyama. Kabla ya kurudi kwao alifanya mapatano na wazee wa Taveta, akapata karatasi ya kumpa haki juu ya ardhi ya huko. Haki hizo zikapitia mikononi mwa mfanyabiashara wa Manchester, James Hutton, na hatimaye zikaangukia kundi la William Mackinnon, ambalo mwaka 1888 lilipewa hati ya kifalme na kuwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki.

Wenzao hawakulala. Mwaka 1885 Jenerali Lloyd Mathews alitumwa na Sultan Barghash wa Unguja, akawapata watawala wa Uchagga wakubali kuwa chini ya Sultan. Muda si muda Mjerumani Carl Jühlke akapiga hodi kwa Mangi Rindi wa Moshi, naye akaondoka na mkataba wake. Mlima mmoja, wenye karatasi watatu!

Wakubwa wa Ulaya walipokaa kugawana mwaka 1886, Wajerumani waliukalia mkataba wao wa Moshi, nao Waingereza wakaing'ang'ania karatasi ya Johnston. Mstari ukapitishwa kati ya Taveta na nchi ya Wachagga. Huku Taveta, kule Moshi. Sultan, ambaye hakuwa na manowari za kutosha kuitetea karatasi yake, akaambulia ukanda wa pwani.

Gharama ya mstari huo ilionekana baadaye. Agosti 1914 Wajerumani waliivuka na kuiteka Taveta, na Waingereza hawakuirudisha mpaka Machi 1916, na damu nyingi ilimwagika Salaita na Latema. Reli ya kutoka Voi kwenda Taveta ilijengwa kwa sababu ya vita hivyo, na makaburi ya wanajeshi yangalipo Voi na Taveta hadi leo.

*Alama ya mnyonge*

Sasa, msomaji, zingatia jambo moja. Jina la Johnston linajulikana. Aliitwa Sir, na mwaka 1900 alitia sahihi Mkataba wa Buganda pamoja na Apolo Kagwa na wenzake. Lakini wale wazee wa Taveta ni wangapi tunaowajua? Katika mikataba mingi ya zama zile, asiyejua kuandika aliwekewa alama ya msalaba, na jina lake likaandikwa na mwingine apendavyo. Mkusanyaji wa kweli haitazami sahihi ya mkubwa peke yake. Huuliza: upande wa pili alikuwa nani, na karatasi hii ilimtenda nini?

Ndiyo maana kipande cha babu yako aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Mwatate, Voi au Taveta ni hazina vilevile. Kina alama za vidole vyake na sahihi za waajiri wake. Bila ya sahihi ya kumwachilia, babu huyo alihesabiwa mtoro.

*Anza nyumbani*

Mfano mzuri tunao. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya vitabu, nyaraka, stempu na sanaa za Afrika kwa miaka mingi. Serikali iliyanunua makusanyo yake, na leo mtu yeyote anaweza kuona sehemu yake katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Angeweza kuyaacha yatawanyike ng'ambo.

Wewe huhitaji mamilioni. Kafungue lile sanduku la bati. Ukipata barua au hati ya zamani, usiibandike selotepu wala usiifunike kwa plastiki ya moto, kwani vyote huiharibu. Toa pini na vibanio vyenye kutu. Itie katika bahasha safi, uiweke mbali na jua, unyevu na mchwa. Andika kwa penseli, juu ya bahasha, ni ya nani, ilipatikana wapi na lini. Kisha toa nakala mbili, moja ukaihifadhi kwa ndugu mwingine.

Ukiuziwa "sahihi ya Mzee Kenyatta", tulia kwanza. Itazame kwa kioo cha kukuzia. Wino wa kalamu hukolea mahali na kufifia mahali, na hufuata mkono. Sahihi ya chapa au ya muhuri huwa sawasawa kote, kama ile ya gavana kwenye noti mfukoni mwako. Muulize muuzaji aliipata wapi. Akibabaika, funga pochi. Na ikiwa ina muhuri wa ofisi ya serikali, usiinunue, maana huenda ni mali ya umma iliyoibwa.

Zaidi ya yote, mwulize nyanya yako angali hai: karatasi hii ilikuwa ya nini? Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Taveta ilibaki Kenya kwa sababu kuna mtu aliyeitunza karatasi yake. Mtu huyo hakuwa Mtaveta.