Ganda la risasi lililokwisha kupigwa

Mwezi huu kijana mmoja mchimba dhahabu ametuletea ulizo lenye kutuogopesha. Aliokota maganda ya risasi kando ya njia, na rafiki yake akamwambia kama fundi wa chuma anaweza kuyanyoosha, kuyajaza baruti tena, na wawindaji watayanunua. Je, ni kweli?

Kazi hiyo iko. Kule Marekani wawindaji wengi wanaifanya nyumbani, na sheria yao inawaruhusu. Lakini sikia namna inavyokwenda.

Bunduki ikilia, nguvu ya baruti inasukuma ganda pande zote mpaka linabana ukuta wa chumba cha bunduki. Ndivyo linavyozuia moto usirudi usoni pa mpigaji. Kisha linanywea kidogo tu. Basi ganda ulilookota ni nene kuliko lilivyotoka kiwandani, hata kama kwa macho huoni kitu. Kulirudisha kipimo, wanalisukuma kwa mashini ndani ya kalibu ya chuma kigumu sana. Linapakwa mafuta kidogo: pasipo mafuta linakwama humo, na yakizidi yanalibonyeza. Hapo ndipo mwanafunzi anakosea. Anasukuma bega la ganda kupita kiasi, na kosa lenyewe halifiki hata milimeta moja. Siku ya kupiga, ganda linavutika, linapasuka karibu na kitako, na moto unamrudilia machoni.

Nyundo haijui hesabu hiyo. Tena makaa ni mabaya zaidi! Ganda la manjano ni shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30, na madini hayo yakipata moto yanalainika. Mwenye ujuzi analainisha shingo peke yake, kwani kitako lazima kibaki kigumu. Fundi wetu akilitia lote motoni, amekwisha kuliharibu.

Na maganda mengi ya kalashnikov si ya shaba hata kidogo. Weka sumaku, utaona linanasa: ni chuma kilichopakwa rangi.

Iko pia sheria. Hapa Kongo sheria ya silaha na risasi ni ya mwaka 1985, na Mapatano ya Kinshasa, yaliyoanza kufanya kazi mwaka 2017, yanagusa hata vipande vya kutengenezea risasi. Kwetu, ambako watu wamekimbia vijiji vyao mara ngapi, kijana mwenye mfuko wa maganda atajieleza namna gani kwenye kizuizi?

Ndugu kijana, jambo moja la haraka. Kama kati ya hayo uliona moja ambayo bado ina kichwa chake, hiyo haijapigwa. Usiigonge, usiitupe motoni. Iache pale ilipo, fukuza watoto, umwite shefu wa kijiji leo hii.