Mbizi za burudani ziwani: wageni waje, lakini tuanze na waokoaji wetu

Kuna watu duniani wanaotoa dola nyingi ili wapitishe likizo yao chini ya maji. Wanabeba chupa ya hewa mgongoni, wanavaa miwani ya maji na mapezi ya mpira miguuni, kisha wanashuka kutazama samaki. Upande wa Zambia, karibu na hifadhi ya Nsumbu, jambo hilo linafanyika katika ziwa letu hili hili. Hapa Kalemie wapo wanaouliza: kwa nini wageni hao wasije kwetu? Mimi nasema waje, lakini kwanza tuwe na watu wa kuwatoa majini.

Uzuri hauna ubishi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na duniani linapitwa na Baikal ya Urusi tu. Maji yake ni ya vuguvugu, na penye mawe yanakuwa maangavu. Sisi tumezoea kuona ndakala na mukeke sokoni. Mpiga mbizi anakuta wengine kabisa: samaki wadogo wanaokaa ndani ya maganda ya konokono, na mama anayeficha mayai yake kinywani mpaka watoto watoke. Wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote. Huko Ulaya, wanaofuga samaki ndani ya vioo wanawauziana kwa majina ya Moba, Kapampa na Moliro. Majina ya vijiji vyetu yamevuka bahari. Mvuvi wa Moliro amefaidi nini?

Sasa matata yake. Kadiri mtu anavyoshuka, maji yanamkandamiza, na hewa anayovuta inaingia ndani ya damu. Akipanda juu haraka, hewa ile inageuka mapovu mwilini: viungo vinauma, miguu inaweza kupooza, hata kifo. Tena ziwa letu liko mita zaidi ya 760 juu ya bahari, kwa hiyo hesabu za mbizi za baharini hazitoshi hapa. Aliyepiga mbizi hapandi ndege siku ile ile, wala hafai kukimbilia milima ya Marungu kwa gari. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji chumba maalum cha hewa yenye shinikizo. Akitokea hapa Kalemie tutampeleka wapi, wakati ndege yenyewe inaweza kumzidishia ugonjwa?

Ongeza mamba, kichocho kwenye maji ya kando yenye majani, na upepo wa kusini wakati wa kiangazi. Ongeza pia usalama wa barabara zetu, ambao kila msomaji anaujua.

Wengine watasema ninawafukuza wageni. Hapana. Ajali za ziwa hazingoji watalii. Mitumbwi na boti zinazama na ndugu zetu ndani, wengi bila jaketi ya kuokoa maisha, na mara nyingi wanaotafuta miili ni wavuvi wenye nyavu na mikono mitupu. Kijana wetu akifundishwa kupiga mbizi na kuokoa, siku ya ajali atasaidia wakaaji, na siku ya mgeni atapata kazi. Mafunzo ni yale yale.

Kwa hiyo viongozi wa jimbo wasianze na hoteli. Waanze na vijana wachache wa kando ya ziwa, wapewe mafunzo ya kweli na vifaa vinavyokaguliwa. Sheria ya jaketi ifuatwe kwenye kila bandari, hata ile ndogo. Na vijiji vyenye samaki hao vikubaliane mapema na serikali juu ya sehemu yao ya pesa.

Mgeni ataangalia samaki juma moja, kisha atarudi kwao. Sisi tunabaki na ziwa, na ndilo njia yetu, chakula chetu, na wakati mwingine kaburi letu. Anayetaka kulifanya mahali pa burudani alifanye kwanza mahali pa kupona.