Mstari wa 9 huwa mnauruka

Katika riwaya ya Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad, Kijakazi anaamini aliumbwa kumtumikia bwana wake. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yanafika, yeye bado anamtumikia. Utumwa ulishaingia moyoni.

Nani huuingiza? Mara nyingi ni sisi wahubiri! Hapa Kisii na Nyamira msichana wa kazi analala jikoni, mshahara hajaona miezi mitatu, naye mama mwenye nyumba ananitumia Waefeso 6:5. Mama, soma na 6:9. Hapo mabwana wanaambiwa waache kutisha watu.

Dada, Mungu hakukuumba uwe mali ya mtu. Dai mshahara wako. Jumapili njoo tuzungumze, hata kama mwajiri wako hukaa kiti cha mbele.