Hadithi za Kale na Chumba cha Bibi Harusi

Si jambo la siri tena kwamba hadithi za kale, zile tulizozisikia mekoni kwa bibi zetu, zinaandikwa upya kwa namna ambayo bibi zetu wasingezitambua. Zimwi aliyekuwa akila watu sasa ni mpenzi. Jini aliyekaa baharini au mbuyuni anaingia vyumbani usiku na kujifanya mume wa mke wa mtu. Fisi aliyejigeuza kijana mtanashati hafukuzwi tena kwa marungu na mbwa. Msomaji anaelezwa kitanda chake, pumzi zake, na meno yake shingoni mwa bibi harusi. Hadithi za namna hii, ambazo wengi wamezoea kuziita chombezo, husomwa katika vijitabu na zaidi sana katika simu, kutoka Mwanjelwa mjini Mbeya hadi Miyomboni mjini Iringa, na hapana shaka kutoka Darajani hadi Chake Chake pia.

Wasomaji wamegawanyika. Wako wanaosema kwamba huu ni uchafu mtupu, uharibifu wa urithi na wa watoto, na kwamba Serikali imelala. Wako wanaosema kwamba hii ni fasihi kama fasihi nyingine, na kwamba mtu mzima ana haki ya kusoma apendacho. Liko na kundi la tatu, kubwa kuliko yote mawili kwa makisio yetu, la watu wanaozilaani mchana na kuzisoma usiku. Kundi hilo halitatusaidia katika mjadala huu, nasi tunaliacha lipumzike.

Yafaa tuanze na hadithi yenyewe, maana wengi wanaoigombania hawakuisikia kwa muda mrefu. Nyanda za Juu za Kusini, kama sehemu nyingine nyingi za Afrika Mashariki, zina hadithi ya binti aliyewakataa wachumba wote wa kijijini. Siku moja anakuja mgeni mzuri wa sura, mwenye maneno matamu, asiyejulikana ukoo wala kwao. Binti anampenda, wazazi wanakubali, safari inafungwa. Katika masimulizi mengi yuko mdogo wake binti, mtoto mwenye upele ambaye hakuna anayemtaka karibu, naye anawafuata kwa siri. Usiku, dada akiwa amelala, ni mtoto huyo wa upele anayemwona shemeji yake akiota manyoya.

Hadithi hii haikutungwa kuchekesha watoto. Mkoa wa Iringa unajulikana nchi nzima kwa mabinti wanaochukuliwa vijijini kwenda kufanya kazi za nyumbani Dar es Salaam na miji mingine. Anayewachukua aghalabu ni mgeni mwenye maneno matamu. Wazazi hukubali, na safari hufungwa. Yanayowapata baadhi ya mabinti hao katika nyumba za watu, usiku, mlango ukiwa umefungwa, kila mwenye masikio ameyasikia. Bibi aliyesimulia habari za fisi alikuwa akisema jambo ambalo hakuweza kulisema kwa jina lake mbele ya baba mwenye nyumba. Basi anayesema kwamba giza na tamaa vimeletwa katika ngano zetu na waandishi wa leo hajazisikiliza ngano hizo vizuri. Vilikuwamo tangu mwanzo. Kilichokuwa kimefungwa ni mlango wa chumba cha bibi harusi, na msimulizi alipofika hapo alishusha sauti akapita.

Hata hivyo, hatuwezi kusema kwamba wazee walikuwa kimya kabisa juu ya mambo ya chumbani. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1957 kitabu kizima juu ya sherehe za ukoo za Wanyakyusa, na humo mafunzo wanayopewa mabinti wanapokua na wanapoolewa yameandikwa bila kupepesa macho. Ndugu zetu wa Unguja hawahitaji kufundishwa jambo hili. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini nyumbani alijulikana pia kwa unyago na ngoma ya msondo. Maneno yanayosemwa unyagoni ni mazito kuliko mengi yaliyomo katika vijitabu vinavyolalamikiwa leo. Lakini mwanamume haingii, na mwari asiyefikia umri haingii. Tena yuko somo, mtu mzima anayejulikana kwa jina na kwa nyumba, anayewajibika kwa kila neno analomwambia mwari.

Hapo ndipo tunapoona kiini cha ugomvi huu. Maneno hayakuzidi ukali. Kilichopotea ni mlinzi wa mlango. Simu haiulizi umri, na mwandishi wa chombezo aghalabu hutumia jina la bandia. Mtoto wa darasa la sita na mama wa watoto sita hupokea kurasa zile zile, saa ile ile, na hakuna somo aliyeketi kati yao.

Huko Ulaya, ambako wengine hudhani ndiko uchafu huu ulikotoka, mambo yalikwenda kinyume kabla ya kurudi yalikoanza. Ndugu wawili Grimm wa Ujerumani walipotoa ngano zao mwaka 1812, msichana Rapunzel aliyefungiwa mnarani alimwuliza mlezi wake kwa nini nguo zinambana, na kila mtu mzima alielewa kwamba ana mimba. Watu walilalamika, na katika matoleo ya baadaye swali hilo likaondolewa. Karibu miaka 180 kabla yao, Mwitaliano Basile alikwisha kusimulia habari za mrembo aliyelala usingizi mzito, na mfalme aliyemkuta hivyo hakuishia kumbusu. Tulichopokea sisi katika vitabu vya shule ni hadithi zilizokwisha kuoshwa. Sisi wenyewe tumeosha za kwetu. Abu Nuwas wa Baghdad alikuwa mshairi wa mvinyo na mapenzi, tena mapenzi ya kila namna; Abunuwasi wetu, aliyesomwa na watoto wa visiwani na wa bara kwa miongo mingi, ni mjanja wa kuchekesha anayewashinda matajiri kwa hoja. Hatusikii mtu akilia kwamba Abunuwasi ameharibiwa kwa kusafishwa, nasi hatulii.

Wasomaji wa huko nao waligawanyika. Mwaka 1979 Mwingereza Angela Carter alitoa kitabu kiitwacho The Bloody Chamber, akizirudia ngano hizo na kuufungua mlango wa chumba cha bibi harusi mbele ya wote. Wengi walimsifu kwamba amewapa wanawake sauti. Lakini mwaka 1984 mhakiki Patricia Duncker alimlaumu kwamba ameacha kuta za nyumba ya zamani zikisimama kama zilivyokuwa, mwanamume akiwa mwindaji na mwanamke windo. Lawama hiyo haikutoka kwa watu wa kupiga marufuku. Ilitoka kwa mwanamke mwenzake aliyepigania haki zile zile. Anne Rice wa Marekani, kuanzia mwaka 1983, alimchukua mrembo yule aliyelala akamfanya mtumwa wa tamaa, akaficha jina lake halisi. Na mwaka 1996 maktaba ya jiji la Columbus iliviondoa vitabu hivyo.

Sisi tunadhani Duncker aliuliza swali ambalo wengi wetu tunalikwepa. Hadithi inapoingia katika chumba cha bibi harusi, inaingia ikiwa imemshika nani mkono? Iko inayoingia na binti, ikaona anachokiona, ikaogopa anachokiogopa, hata kama maneno yake ni makali. Na iko inayoingia na fisi, ikafanya kilio cha binti kuwa kitoweo cha msomaji. Nyingi katika chombezo tulizozisoma, na tumezisoma, ni za namna ya pili. Binti anakataa katika ukurasa wa tatu, na katika ukurasa wa tano anashukuru. Huu ni uongo, na kwa mikoa yetu ni uongo wa hatari.

Tunasema ni wa hatari kwa sababu zilizo wazi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, wanaoishi na virusi vya UKIMWI walikuwa asilimia 12.7 katika Mkoa wa Njombe, ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa sehemu ya Iringa, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya. Visiwani kiwango hicho kimekuwa kwa miaka mingi chini ya asilimia 1, na huenda ndiyo sababu msomaji wa Pemba akaona tunatia chumvi. Katika mikoa kama hii, kijana anayefundishwa na hadithi kwamba “hapana” maana yake ni “ndiyo” anafundishwa jambo linaloweza kuua. Lakini kijana asiyefundishwa lolote, kwa kuwa wakubwa wameona haya, hana salama zaidi.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wanaotaka kalamu nyekundu ya Serikali imalize kila kitu. Nchi hii imekwisha kulijaribu jambo hilo. Rosa Mistika cha marehemu Euphrase Kezilahabi kilitoka mwaka 1971. Kinamsimulia binti aliyelelewa na baba mkali kupita kiasi, ambaye alipokuwa mbali na macho ya baba hakujua namna ya kujilinda, akaangamia. Kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo. Wanafunzi wakakisoma kwa siri, kwa bidii ambayo hakuna kitabu cha mtaala kilichowahi kuipata. Baadaye kikaruhusiwa, kikafundishwa, na mbingu hazikuanguka. Ukikisoma leo utashangaa: ni kitabu kinachoonya, tena karibu kinahubiri. Kilikuwa upande wa binti, na waliokifungia hawakusubiri kufika mwisho.

Tarehe 13 Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kuviondoa shuleni vitabu 16 kwa kuwa vinakwenda kinyume cha mila, desturi na maadili. Katika orodha hiyo vilikuwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, vitabu vya vichekesho vya mtoto mvivu wa Kimarekani. Hatubishi kwamba Wizara ina haki, na hata wajibu, ya kulinda milango ya shule. Mwenye mwari ndiye mwenye kuchagua somo. Tunachobisha ni kutia vitabu vya namna mbalimbali katika kapu moja bila mzazi kuelezwa, kitabu kwa kitabu, kosa ni lipi. Mzazi wa Mafinga au wa Tukuyu aliyeisikia orodha hiyo redioni hakujifunza namna ya kupambanua. Alijifunza kuogopa vitabu vya Kiingereza vyenye picha. Wakati huo huo chombezo iliendelea kuingia katika simu iliyolala chini ya mto wa mwanawe.

Kwa wenye dhamana, Dodoma na Unguja pia, kwa kuwa watahiniwa wa kidato cha nne wa pande zote mbili hufanya mtihani wa Baraza moja, tunayo maombi machache. Kitabu cha watu wazima kiandikwe umri kwenye jalada, na muuzaji anayempa mtoto aulizwe. Maktaba za mikoa, Mbeya na Iringa zikiwamo, ziwe na rafu ya watu wazima yenye mtunzaji, badala ya kuchagua kati ya kukiweka kitabu wazi na kukichoma. Walimu wa fasihi wanaoandaliwa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa wafundishwe namna ya kuifundisha hadithi ya binti na fisi kwa ukamilifu wake, kwa vijana wa umri unaostahili, bila kucheka na bila kukohoa, kwa maana mwalimu ndiye somo pekee aliyebaki kwa watoto wengi. Na orodha nyingine ya vitabu ikitangazwa, basi ije na sababu, na namba za kurasa.